Chumba cha Mwanachuo Kisiwe Ghala la Vitanda

WAHENGA walisema nyumba njema si mlango. Msemo huo unaufaa sana mji wa Bagamoyo, ambao wageni huipiga picha milango yake ya nakshi bila kuuliza nani analala nyuma yake, wala analalaje. Tangu zamani mji huu umekuwa wa kupokea watu wa kulala kwa muda. Katika karne ya 19 wapagazi walioteremsha pembe kutoka bara walijaa hapa kwa maelfu, wakingoja msafara wa kurudi. Siku hizi wageni wetu wa muda mrefu ni wanafunzi: wale wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza mwaka 1981 kwa jina la Chuo cha Sanaa, wale wa uvuvi pale Mbegani, na walimu wanaokuja kwa Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu. Wapo wanaolala mabwenini, na wapo waliopanga vyumba mitaani.

Leo tunapenda kuzungumzia vyumba hivyo. Tunajua wapo watakaosema kwamba yapo mambo makubwa zaidi ya kuandikiwa tahariri kuliko pazia na mkeka. Sisi hatukubali. Kijana hukaa darasani kwa saa chache. Saa nyingi zaidi za siku yake hupita chumbani, na humo ndimo anamosoma, anamougua, na anamojifunza kuishi na mtu asiye ndugu yake. Chumba kisichokalika humfukuza mwenyewe, na kijana aliyefukuzwa na chumba chake hatafuti kitabu huko nje usiku.

Katika mabweni mengi ya nchi yetu, kitu cha kwanza anachokiona mwanafunzi nyuma ya mlango ni karatasi ya makatazo. Usipigilie msumari. Usibandike picha. Usihamishe kitanda. Sababu zake tunazielewa: msumari hupasua lipu, na gundi ikibanduliwa huondoka na rangi, na baada ya miaka mitano ukuta unakuwa kama umepigwa mawe. Lakini dawa ya ukuta uliotobolewa si kumwamuru binadamu aishi baina ya kuta nne tupu kwa miaka mitatu. Mtu hakitunzi kitu alichokatazwa kukigusa. Atakikalia tu, na siku ya kuondoka atakiacha kibaya kuliko alivyokikuta, wala dhamiri haitamsuta.

Na jambo hili la msumari wazee wetu walilimaliza zamani. Nyumba za mawe za pwani hii zilijengwa na vidaka ndani ya unene wa ukuta, na humo viliwekwa vitabu, taa, na vyombo vya thamani. Hata makaburi ya Kaole yalipambwa, kwani nguzo zake zilipachikwa bakuli za Kichina. Ikiwa marehemu wa Kaole alistahili bakuli ukutani, mwanafunzi aliye hai anastahili angalau rafu. Wanaochora ramani za mabweni mapya wangefanya vema kuvirudisha vidaka, maana gharama yake ni ndogo ukuta unapojengwa, na ni kubwa ukishasimama. Kwa mabweni ya zamani, ubao mmoja wa mbao uliofungwa kuzunguka chumba, juu ya kichwa cha mtu, unatosha kutundikia kila kitu, na lipu haitaguswa tena.

Hata hivyo haifai kuanza na mapambo. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula bati, bawaba na nyavu za madirisha. Masika inapoingia mwezi Machi, kuta hutoa jasho, ukungu hupanda nyuma ya kabati, na godoro la sponji hunuka hata likianikwa. Chumba cha namna hiyo hakitengenezwi na pazia. Hapa wajibu ni wa uongozi wa chuo kabla haujawa wa mwanafunzi: paa lisivuje, wavu wa dirisha usiwe na tundu la kupitisha mbu, na kila kitanda kiwe na mahali pa kufungia chandarua. Aidha, tungeshauri vyuo vya pwani viachane na tabia ya kupaka kuta rangi ya mafuta kwa kuwa inang'aa. Juu ya ukuta wenye unyevu rangi hiyo hufungia maji ndani, kisha hubabuka. Chokaa huuacha ukuta upumue na ukungu hauipendi, nayo ni rahisi kiasi kwamba wanafunzi wenyewe wanaweza kuipaka kwa siku moja kila mwaka. (Hatusemi matumbawe yachomwe tena, chokaa ya mawe ipo madukani.)

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu alitaka shule ziwe jumuiya zinazofanya kazi kwa ajili ya maisha yao wenyewe. Wapo viongozi wa vyuo wanaolikumbuka andiko hilo siku ya usafi tu. Kujitegemea hakukuwa na maana ya kumpa kijana chumba kinachovuja, bila ndoo wala fagio, na kumwambia ajitegemee.

Paa likishakuwa zima, tunamgeukia mwanafunzi. Tunasikitika kuona kijana aliyekuja Bagamoyo kujifunza sanaa za Watanzania akinunua maua ya plastiki na picha za majumba ya Ulaya kupambia chumba, wakati mkeka wa ukindu unasukwa jirani yake. Mkeka mmoja hubadili sakafu ya saruji. Khanga iliyozeeka huwa pazia jema. Kawa na ungo ni pambo ukutani na chombo jikoni. Asiye na fedha amkumbuke Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Huyu alichora juu ya vipande vya ubao wa masonite kwa rangi ya kupakia baiskeli, na kazi hiyo imetundikwa katika nyumba za dunia nzima. Mapambo si lazima yawe mengi. Chumba kilichojazwa vitu hakifagiliki, na kisichofagiliki huzaa kunguni.

Katika jambo moja, hata hivyo, tunaunga mkono makatazo bila kusita. Mtindo wa kuzungushia kitanda mashuka pande zote ili kupata faragha, kisha humo ndani kuwasha mshumaa au jiko la umeme, ukomeshwe. Wasichana 43 waliteketea katika bweni la Shauritanga, Kilimanjaro, mwaka 1994, na wengine 12 Idodi, Iringa, mwaka 2009. Hapa hapa Bagamoyo ukumbi wa Chuo cha Sanaa uliungua mwaka 2002. Kitambaa kiwe dirishani, mbali na moto, na njia ya mlangoni iachwe wazi.

Yote haya yanataka nafasi. Mabweni yaliyofunguliwa Mlimani mwezi Aprili 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840 yalikuwa hatua kubwa, lakini kule kule wanafunzi walikuwa na neno lao siku nyingi, kubebana, yaani wawili kulala kitanda cha mmoja. Penye kubebana hakuna wa kukitunza chumba, kwa kuwa nusu ya wakazi wake hawatambuliki.

Mwisho, kuna fedha ya tahadhari, ambayo wanafunzi wengi hutozwa siku ya kwanza na ni wachache wanaojua ilikokwenda. Tunapendekeza kila chumba kiwe na daftari dogo. Mwanafunzi anapoingia, yeye na mlezi wa bweni waandike hali ya ukuta, kitanda, taa na dirisha, watie saini. Anapotoka waandike tena. Kilichoharibika kilipwe kutoka katika fedha yake, kilichobaki arudishiwe. Na alichokiongeza kwa jasho lake, ikiwa ni rafu au wavu mpya, kiandikwe pia na kihesabiwe upande wake. Wenye nyumba za kupangisha mitaani nao wanaweza kufanya hivyo hivyo. Daftari halina bei.

Kuhusu mabati, mafundi wapande juu kabla ya Machi.