Baridi Nayo Ina Mwisho Wake

Mtu akiutazama mlima Ruwenzori siku isiyo na mawingu, huona weupe wa barafu kileleni, ijapokuwa yeye bondeni anatoka jasho. Kumbe hata ndani ya barafu ile joto lipo tele! Msistaajabu, tutaeleza.

Giza si kitu, ila ni upungufu wa mwanga. Vivyo hivyo baridi ni upungufu wa joto. Na joto lenyewe ni nini? Vitu vyote, yaani maji, hewa, chuma, hata miili yetu, vimejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nazo hazitulii. Zikienda mbio, twasema kitu ni cha moto; zikipunguza mwendo, twasema kimepoa. Kwa hiyo joto laweza kuzidi sana: katikati ya jua hufikia digrii milioni 15. Lakini baridi haiwezi kuzidi hivyo. Mwenye mbuzi kumi aweza kupoteza kumi, hawezi kupoteza kumi na mmoja. Mpaka huo wa chini huitwa sifuri kamili, nao ni digrii 273.15 chini ya sifuri ya kipimajoto chetu. Kipimo kinachoanza kuhesabu hapo huitwa Kelvin, kwa heshima ya William Thomson, Lord Kelvin, aliyefundisha Glasgow.

Je, watu hushukaje kuelekea huko? Mama zetu wanajua siri mojawapo. Maji ya mtungi wa udongo hupoa kwa sababu mtungi hutoa jasho, na jasho hilo likigeuka mvuke huondoka na joto. Wataalamu waliifanya siri hiyo kuwa ngazi: hewa iliyogeuzwa maji ilipoza haidrojeni, na haidrojeni iliyogeuzwa maji ikapoza heli. Tarehe 10 Julai 1908, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes na wasaidizi wake walianza kazi alfajiri. Jioni waliona heli, iliyokuwa imewashinda wataalamu wote, imegeuka maji kwenye digrii 269 chini ya sifuri. Zilibaki digrii nne tu na kitu!

Mwaka 1911 palitokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Zebaki ilipopozwa namna hiyo, umeme ulipita ndani yake bila kizuizi chochote. Leo sumaku kubwa za mashine za hospitali zipigazo picha za ndani ya mwili hufanya kazi kwa ajabu hiyo, nyingi zikipozwa kwa heli ile ile.

Lakini sifuri kamili yenyewe hakuna aliyeifikia, wala hatafika mtu. Kila hatua huondoa sehemu tu ya joto lililosalia, kama msafiri ambaye kila siku hukata nusu ya njia iliyobaki: hukaribia daima, hafiki kamwe. Mwaka 2021, wataalamu huko Bremen, Ujerumani, walikaribia mno. Ukiigawanya digrii moja katika sehemu trilioni moja, wao walibakiwa na sehemu 38 tu.

Tusidhani kwamba mambo ya baridi kali ni ya mbali nasi. Chanjo ya Ebola iliyotumika nchini Kongo, katika Équateur mwaka 2018, na katika Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu mwaka huo hadi 2020, ilipaswa kuhifadhiwa katika digrii 60 hadi 80 chini ya sifuri. Ikiisha kuyeyuka, hata ikiwekwa katika friji, hudumu majuma mawili tu. Katika mlipuko huo wa mashariki watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Kama baridi ingelegea njiani, dawa ingeharibika, na wangapi wangeifuata bure!

Basi, wanafunzi, msidharau swali linaloonekana halina faida. Watu wa Leiden walitaka kujua tu kama heli yaweza kuwa maji. Hawakuwa wakiwaza hospitali, lakini wagonjwa wengi leo wanafaidi kazi yao.