Chama cha msingi hakihitaji diski ya terabaiti

Vyama vya msingi vya ushirika na maduka ya pembejeo yanayoachana na madaftari hukutana na ushauri uleule kwa muuzaji wa kompyuta: toeni diski ya zamani, wekeni SSD, tena wekeni kubwa, ya terabaiti moja au mbili. Nusu ya ushauri huo ni nzuri. Nusu ya pili ni fedha za wanachama zinazopotea.

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachozisoma huelea juu yake kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Ibebe kwenye pikipiki ikiwa bado imewashwa, katika barabara zetu hizi, na kichwa hicho kinaweza kuikwaruza sahani. SSD haina kinachozunguka. Hutunza kumbukumbu kwenye chipu, kama flashi. Kompyuta ya miaka minane iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka inaweza kuwaka chini ya dakika moja. Kwa karani mwenye foleni ya wakulima mlangoni, hiyo ni faida inayohesabika.

Lakini kasi hiyo inapatikana hata kwenye SSD ndogo ya gigabaiti 250. Tuchukue chama chenye wanachama 1,000, kila mmoja akileta mazao mara 20 kwa msimu. Hizo ni kumbukumbu 20,000, na kila moja, yaani jina, tarehe, kilo, daraja na bei, haizidi kilobaiti moja. Msimu mzima ni megabaiti 20. Misimu kumi, megabaiti 200. Terabaiti moja ingezibeba hesabu hizo mara 5,000. Muuzaji atasema diski kubwa ni nafuu ukigawa bei kwa kila gigabaiti, na hasemi uongo. Ila mwenye ekari moja hanunui mifuko hamsini ya mbolea kwa sababu amepewa punguzo.

Hesabu hubadilika pale chama kinapopiga picha kila stakabadhi. Picha 20,000 za megabaiti 3 ni gigabaiti 60 kwa msimu, na kabla msimu wa nne haujaisha diski ndogo imejaa. Hata hivyo picha za misimu iliyopita hazihitaji kasi. Zinaweza kukaa kwenye diski ya nje ya aina ile ya kuzunguka, ambayo kwa ukubwa uleule ni ya bei nafuu zaidi. Mwenye studio ya video, huyo anunue SSD kubwa, ana kazi nayo.

Jambo lisilosemwa dukani ni namna SSD inavyokufa. Diski ya zamani mara nyingi hutoa dalili: hugonga, hukwama, hupiga kelele, na fundi hupata muda wa kuokoa yaliyomo. SSD mara nyingi hufa kimya. Jana ilifanya kazi, leo kompyuta haiioni, na kuokoa kilichomo ni kazi ngumu na ghali. Ikitokea wiki ya malipo, mkulima aliyepimiwa kilo 640 atazithibitisha kwa lipi? Atabaki na kikaratasi chake, kama hakikuliwa na mchwa, na neno la karani.

Kwa hiyo nunueni SSD ndogo, na fedha iliyobaki iende kwenye diski ya nje ya kuzunguka. Kila jioni ya msimu wa ununuzi hesabu zinakiliwe humo, kisha ilale jengo jingine, siyo droo ileile ya kompyuta. Nakala hiyo isiwe SSD ya kufungia kabatini miaka, kwa kuwa chipu zake hushikilia kumbukumbu kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo hupungua polepole ikikaa bila kuwashwa.

Tena wapo wanaouza diski zilizoandikwa terabaiti 16 kwa bei ya kutupa. Ndani mna chipu ndogo iliyotengenezwa ionyeshe nafasi isiyokuwepo, na ikishajaa mafaili huharibika bila onyo. Mhasibu anayetumwa mjini aongozane na fundi, na diski ipimwe ukubwa wake halisi kwa programu kabla fedha hazijatoka. Muuzaji akikataa, tafuteni duka jingine.