Oili iko wapi? Pikipiki ya baba na shilingi 100 ya kila lita

Makamanda, nawaandikia kutoka Lupiro. Niko likizo, vitabu vya sheria vimelala kwenye begi na mikono yangu imejaa oili. Naomba dakika tano zenu.

Nyumbani kuna Yamaha AG100 ya baba, zile pikipiki za shamba ambazo mabwana shamba walikuwa wakizitumia zamani. Injini yake ni ya mipigo miwili, mafundi wanaiita tustroki. Boxer za bodaboda zina oili yao chini ya injini: unamwaga chafu, unaweka mpya. Tustroki haina hiyo. Oili inaingia pamoja na petroli, inalainisha pistoni na beringi, halafu inaungua na kutokea kwenye ekzosi. Oili ikikosekana, haichukui muda injini inanoki.

Ya baba pampu ya oili ilishakufa siku nyingi, kwa hiyo anachanganya mwenyewe kwenye kidumu: lita moja ya petroli kwa mililita 40 za oili, yaani vifuniko vinne vya dawa ya kikohozi. Nikiwa darasa la sita hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, pamoja na kuosha sponji ya ea klina kwa sabuni, kuianika kivulini, kuipaka oili kidogo na kuikamua. Vumbi la kiangazi cha huku likipita kwenye kabureta linasaga ringi kama msasa. Plagi nayo unaifungua mara kwa mara, unaisugua masizi. Hakuna uchawi hapo, ni kutunza tu.

Sasa sikilizeni. Serikali nayo imetengeneza tustroki yake. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, juu ya tozo ya barabara iliyokuwepo, na tukaambiwa fedha hiyo ni ya barabara zinazosimamiwa na TARURA. Wazo lenyewe si baya, nasema wazi hata kama wengine mtaninunia. Anayetumia barabara achangie barabara. Oili imechanganywa kwenye petroli.

Kaka yangu anaendesha bodaboda ya mkataba. Anachoma kama lita tatu kwa siku, yaani shilingi 300. Kwa siku 26 za mwezi ni 7,800. Kwa mwaka ni 93,600. Hiyo ni pikipiki moja, na hapo njia panda ya Mahenge na Malinyi hebu wahesabuni wenyewe wamepanga foleni wangapi.

Masika iliyopita alibeba abiria kutoka mashambani, njia imegeuka jaruba la mpunga. Wakakwama. Akavuta mafuta, akavuta, mpaka klachi ikaungua. Tajiri hakutaka kusikia habari ya tope. Mkataba unasema matengenezo ni ya dereva na hesabu ya siku iko palepale. Siku nne bila kazi, deni la siku nne. Nimeusoma ule mkataba, ukurasa mmoja tu. Kaka alisaini kwa hiari yake, ana akili timamu, biashara ni halali. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba hakinipi pa kushika. Lakini naona wazi kwamba ameilipia njia ile ile mara mbili: kwanza kwenye petroli, halafu kwa fundi.

Hatusemi hakuna lililofanyika. Kivuko cha Mto Kilombero kilizama Januari 2016, na leo pale Ifakara tunavuka kwa daraja. Ila daraja haliwezi kuwa jibu la kila swali la barabara, wala kuuliza si utovu wa shukrani.

Wapo makamanda watakaosema dawa ni moja tu, kuing'oa CCM, mengine baadaye. Na mimi nataka waondoke, kwa kura. Lakini baba hakungoja anunue pikipiki mpya ndipo aoshe ea klina ya hii.

Kwa hiyo tufanye hivi. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupata taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inasema ukiomba kwa maandishi ujibiwe ndani ya siku 30. Andika barua yenye maswali matatu: kata yetu ililetewa shilingi ngapi za barabara mwaka huu wa fedha? Zilikwenda kwenye barabara zipi? Nani alipewa kazi? Chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Halafu nenda nayo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu, na uyasome maswali hayo mbele ya watu. Usipojibiwa, hilo nalo ni jibu, na lina tarehe.

Baba akisikia injini imebadilisha sauti hapigi teke wala hatukani. Anazima, anafungua kifuniko cha tanki, anauliza: nani kachanganya hii, na oili iko wapi?

Barua yangu naipeleka Jumatatu. Na wewe kwenu je?