Mimba zinaharibika mfululizo? Kuhusu kipimo cha sumu ya nyoka

Mama, mimba ya tatu ikiharibika, nyumbani majibu huwa tayari: umelogwa, umebeba mizigo sokoni, damu zenu hazipatani. Daktari naye anaweza kukuandikia kipimo cha damu kinachotumia sumu ya nyoka, na ukisikia hivyo unaweza kuikunja karatasi na kurudi dukani. Sumu hiyo haiingii mwilini mwako. Unatolewa damu mkononi kama siku zote; sumu, kiasi kidogo mno, inatiwa kwenye kichupa maabara.

Nyoka mwenyewe anaishi Asia, huko India na Sri Lanka, na ni jamii moja na kifutu wetu. Sumu yake ina kimeng'enya kinachogandisha damu upesi. Mwaka 1934, mjini London, Macfarlane na Barnett waliitumia kuzuia damu kwa wenye himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda. Siku hizi maabara hupima muda tu: baada ya kutia sumu, damu imeganda kwa sekunde ngapi? Ikichelewa, huenda una kingamwili zinazong'ang'ania mafuta yanayohitajika ili damu igande. Ajabu ni kwamba damu hiyo inayochelewa kwenye kichupa ndiyo huganda ovyo mwilini: mguuni, kwenye ubongo, kwenye kondo la nyuma. Kondo likiathirika, mtoto anakosa lishe na hewa.

Hali hii ina matibabu. Aspirini ya dozi ndogo pamoja na sindano za heparini, chini ya daktari, zimewawezesha wengi kujifungua salama. Usijianzishie aspirini ya duka la dawa.

Kikwazo ni pesa. Sera yetu inawasamehe malipo wajawazito na watoto chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali. Lakini kipimo hiki kinafaa zaidi ukiwa huna mimba, na kikionyesha tatizo hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi. Yaani unapokihitaji, wewe si mjamzito tena na msamaha haukuhusu. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Mimi naona aliyepoteza mimba mfululizo ahesabiwe ndani ya huduma za uzazi kwenye kitita cha mafao, kipimo na heparini vikiwemo. Kumlipia kujifungua peke yake ni kumsubiri mlangoni wakati hafiki.

Mimba moja changa kuharibika huwatokea wengi, na haina maana una tatizo hili. Ukipoteza 3 kabla ya wiki ya 10, au hata 1 baada ya hapo bila sababu kuonekana, nenda Mnazi Mmoja au kituo kilicho karibu ukaombe rufaa. Beba kadi zako zote za kliniki, hata za mimba zilizoharibika. Kama unatumia heparini, warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mwambie anayekutoa damu kabla hajachoma sindano, kwa sababu dawa hizo hupotosha majibu.