Nafasi Katika Safu
Katika mitihani ya usaili wa kazi, swali la nafasi huwaangusha vijana wetu, ilhali mfano wake tunao katika kila swala ya jamaa. Kijana amesimama safuni: wa 9 kutoka kulia, wa 14 kutoka kushoto. Safu ina watu wangapi? Mwenye haraka hujibu 23. Jawabu ni 22, kwani yeye mwenyewe amehesabiwa mara mbili. Tunajumlisha, kisha tunatoa 1. Tukipewa jumla na nafasi ya upande mmoja, tunatoa, kisha tunaongeza 1: 22 − 9 + 1 = 14. Wazazi, pangeni kokwa za tende mkekani, muwaulize watoto. Riziki hutoka kwa Mwenyezi Mungu. Kujiandaa ni juu yetu.