Kitabu Nacho Kina Hesabu Zake
Mwandishi wa Uvira akitangaza kwamba kitabu kimetoka, watu humpongeza kisha huomba nakala ya bure: shangazi, mchungaji, mwalimu wake wa zamani. Tuseme kachapisha nakala 200 kwa dola 3 kila moja; katoa 600. Akigawa 30 za heshima, akauza 170 kwa dola 5, na mwenye duka akakata dola 1 kwa kila nakala, anashika 680. Faida ni 80, na bado hajalipa usafiri wa maboksi, wala gharama za kuyavusha mpakani Kavimvira kama alichapishia Bujumbura. Mama muuza ndagala pale bandarini Kalundu hapangi bei kabla ya kuhesabu magunia na nauli. Waandishi wetu wengi hutazama tu bei ya kitabu cha mwenzao. Nadhani tunaona haya kutaja pesa, kana kwamba fasihi ni sadaka. Halafu, kwa anayepitia kwa mchapishaji, kuna mkataba. Sheria ya Kongo namba 86-033 ya 5 Aprili 1986 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, ila haimzuii kuuza haki za mapato yake kwa sahihi moja. SOCODA, shirika la haki za watunzi, liko Kinshasa, na Kinshasa kutoka huku hakuendeki kwa basi. Basi uliza mapema: nakala ngapi, kwa muda gani, tafsiri ni ya nani, hesabu za mauzo nitaziona lini? Mchapishaji akinuna, chukua muswada wako uondoke.