Gari Haiuzwi: Jawabu kwa Watoto wa Ndugu Yangu

Ndugu zangu, watoto wa ami na wa shangazi, mlioko Maskati, Dubai, London na kwengineko,

Mara hii siandiki kusimulia tu kama ilivyo ada yangu, naandika kujibu. Siku ya pili ya Idi, watoto wa ndugu yangu walinijia barazani na rai mbili juu ya Land Rover ya marehemu baba. Mmoja alisema iuzwe, kwa kuwa yuko mtu anayekusanya magari ya kale aliyetoa bei nzuri. Wa pili alisema isiuzwe, ila ipakwe rangi mpya, ipandishwe juu ya lori na kupelekwa kwenye maonyesho, na kiooni ibandikwe karatasi ya kueleza kuwa hii ni turathi ya familia. Nilipowaambia kwamba gari hii mimi huiendesha, na kwamba kila msimu wa baridi huenda nayo Nizwa kwa njia ya zamani, walicheka kwa adabu. "Ami," akasema mkubwa wao, "barabara kuu itakufikisha kwa saa moja na nusu. Kwa nini ujitese saa tano?"

Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Nami najibu kwa maandishi, kwa sababu nilikuwa karani miaka thelathini na mitatu, na karani hujibu mbele ya wote ili asije akageuziwa maneno.

Nianze na yale nisiyobishana nayo. Kabla ya 1970, Oman nzima ilikuwa na kama kilomita 10 tu za lami. Bonde la Samail, ambalo ndilo mlango wa kupita baina ya milima ya Hajar ya Mashariki na ya Magharibi, lilikuwa mawe, changarawe na maji ya mvua. Mgonjwa wa bara aliyehitaji tabibu wa Matrah alibebwa juu ya ngamia siku kadhaa, na wengine walizikwa kabla ya kufika. Sisi tulipowasili kutoka Unguja mwaka 1973, mimi nikiwa kijana wa miaka kumi na mitano, bado wazee walizihisabu safari kwa siku. Basi anayeisema vibaya lami hajawahi kubeba mgonjwa. Barabara kuu ni neema, na siku nitakapougua, naomba nipelekwe kwa barabara kuu.

Wala sikatai aibu za gari yenyewe. Ni Land Rover ya mkupuo wa tatu, ile iliyoanza kutengenezwa 1971, na baba aliinunua mkononi mwa mtu mwaka 1976. Haina kipoza hewa; ina vifuniko viwili chini ya kioo cha mbele, ukivifungua hupulizwa na upepo pamoja na vumbi lake. Tangi la petroli liko chini ya kiti. Ikipanda mlima wakati wa jua kali, petroli hugeuka mvuke ndani ya bomba, gari ikazima, nawe huna dawa ila kufunika boneti kwa subira na pampu kwa kitambaa kibichi. Ikizidi kilomita 70 kwa saa, hamsikizani tena kwa kelele. Haya yote nayakiri. Lakini nasema kwamba aibu hizi ndizo zilizonifunza kitu ambacho ninyi, pamoja na magari yenu mazuri, hamkukijua. Nami pia nisingalikijua.

Msimu wa baridi wa mwaka juzi, mmoja wenu alimchukua shangazi yetu mkubwa, ambaye sasa umri wake umepita miaka themanini na mitano, akampeleka Nizwa kwa barabara kuu. Ilikuwa hisani, na Mungu amlipe. Nilikuwamo garini. Vioo vilifungwa, baridi ya mashine ikivuma, simu ikiongea kuelekeza njia. Shangazi alilala tangu Rusayl. Alipozinduka aliuliza, "Tumefika Samail?" Akajibiwa, "Tumeshaipita zamani, shangazi." Hakusema neno jengine mpaka Nizwa. Tukapiga picha mbele ya mnara mviringo wa ngome aliyoijenga Imamu Sultan bin Seif al-Yaarubi katika karne ya 17, tukala, tukarudi. Picha zilisambazwa kwa jamaa wote, na chini yake mtu akaandika kwamba shangazi amerejea kwenye asili yake.

Nawauliza: amerejea wapi, ikiwa amepitishwa amelala?

Mwaka jana nilimchukua mimi, kwa Land Rover, na binti yangu akakaa nyuma kumshika. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Fanja tulisimama, kwa sababu rejeta ilitaka maji. Shangazi akateremka, akatazama mitende iliyoko chini bondeni, akasema, "Hapa punda walinyweshwa." Sikuelewa. Nilidhani ni maneno ya uzee. Tulipoendelea akaanza kuuliza: uko wapi mlango wa bonde, liko wapi jabali jekundu, mbona maji yako kulia na si kushoto. Ndipo aliponieleza, kwa mara ya kwanza katika umri wangu wote, kwamba njia hii aliwahi kuipita mtoto wa miaka kama saba, baada ya vita vikuu vya pili kwisha. Babu alikuwa na shamba la karafuu Pemba, akataka kuwaonyesha watu wake wa Samail mke na watoto wake. Walikuja kwa jahazi na upepo wa kusi, wakateremka Matrah, na kutoka hapo wakaingia bara kwa punda na ngamia.

Kabla hatujafika Sufala ya Samail, njia ya zamani inapinda kufuata ukingo wa bonde. Hapo kuna kijiji, na juu ya jabali mna mnara wa ulinzi uliobomoka nusu, na chini yake falaji inapita mbele ya msikiti mdogo. Shangazi akanigusa bega. "Simama, mwanangu." Nikasimama. Akanionyesha makaburi, yale ya mawe yasiyo na maandishi kama yalivyo makaburi mengi ya bara, akasema, "Hapa tulimwacha mdogo wangu."

Alikuwa mtoto mchanga, hajatimiza mwaka. Homa ilimshika baada ya Fanja. Walimzika asubuhi, na msafara ukaondoka siku hiyo hiyo kwa sababu ngamia hawakuwa wetu. Bibi yetu aliomba kukaa siku moja zaidi, hakukubaliwa. Wanawake wa kijiji, wasiomjua, wasiosema lugha yake, walimwosha uso kwa maji ya falaji na kumfungia tende za fardhi katika kitambaa. Bibi alikiweka kitambaa kile mpaka alipokufa. Shangazi ndiye aliyekifua.

Mtanambia: kumbukumbu ya mtoto wa miaka saba, baada ya miaka karibu themanini, si hati. Nimekuwa karani, najua tofauti ya hati na usemi. Nilimwendea mzee wa kijiji aliyekuwa anaota jua msikitini. Akanambia kwamba upande ule wa makaburi, tangu zama za baba zake, ndio walikozikwa wapita njia. Hilo tu. Sina cheti cha mtoto yule wala jiwe lenye jina lake. Nina shangazi aliyelijua pindo la njia kabla sijalikata, na nina kijiji kilichosadikisha nusu ya maneno yake. Nasaba ngapi tunazojifaharisha nazo zina ushahidi zaidi ya huo?

Na hapa ndipo penye ugomvi wangu wa kweli, na si juu ya gari. Mti wa nasaba mliouchapisha kwa ajili ya mkutano wa familia, kwa wino wa dhahabu, unamtaja babu na watoto saba. Walikuwa wanane. Unamtaja baba yake babu, na babu yake, na babu wa babu yake, mstari mmoja ulionyooka mpaka Samail, mwanamume baada ya mwanamume. Bibi ameandikwa "mkewe". Jina lake halimo. Wala sidhani kwamba lilisahauliwa. Niliuliza, na aliyeandaa karatasi alinijibu kwa sauti ya chini kwamba watu wa huku hawana haja ya kujua mambo ya Pemba. Mambo ya Pemba ni haya: mama yake bibi alitoka upande wa Nyasa, na hakutoka kwa hiari yake. Yeye naye ni asili yetu. Damu yake imo ndani ya mkono unaoandika maneno haya, na lugha tunayoandikiana tumeinyonya kwa binti yake, hatukuinyonya kwa baba wa Samail.

Karatasi ile imeandikwa kama tulivyokwenda Nizwa kwa barabara kuu: tumefika upesi, na tulichokipita hatukukiona. Sisi watu wa kuhama tuna haraka ya kuthibitisha tunakotoka, kwa sababu tumewahi kuulizwa mara nyingi. Unguja tuliambiwa ni Waarabu. Tulipofika huku tukaitwa Wazinjibari. Naifahamu hofu hiyo, nami nimeishi nayo ofisini nikisahihisha Kiarabu changu usiku ili asubuhi nisichekwe. Lakini hofu haitupi ruhusa ya kumfuta mwanamke aliyemzika mtoto wake njiani ili babu apate kuwaonyesha jamaa zake kwamba ana familia.

Sasa nawajibu wenye rai mbili. Wewe unayetaka kuuza: bei ni nzuri, lakini gari hii ndiyo pekee katika ukoo wetu inayolazimika kusimama Fanja. Kama si rejeta, shangazi angepita tena amelala. Na wewe unayetaka maonyesho: gari iliyobebwa juu ya lori haiendi popote, na turathi isiyokwenda popote ni pambo la ukutani. Ukiipaka rangi mpya utafuta mkwaruzo wa mlango wa kushoto ambao baba aliupata katika bonde la Samail mwaka 1977, siku maji yalipotushukia. Hilo nalo ni andiko, na baadhi yetu hatuna jengine la mkono wake.

Mtasema pia kwamba huu ni uzee unaopenda ya kale. Huenda. Lakini mimi siwaambii mrudi kwenye ngamia. Asiye na gari ya kale aende na gari yake mpya, mradi afungue vioo na akubali kuchelewa. Njia ya zamani haikufungwa. Toka Bidbid, ingia Samail kwa ndani, upite Sufala na Alaya. Waonyeshe watoto msikiti unaonasibishwa na Mazin bin Ghadhuba, aliyekuwa wa mwanzo kusilimu katika Waomani. Endelea Izki kwenye falaji ya Malki, kisha Birkat al-Mawz kwenye falaji ya Khatmein, mpaka Daris ya Nizwa. Mwaka 2006 UNESCO iliziandika falaji tano za Oman katika turathi za dunia, na katika hizo tano, tatu ziko katika njia hii moja. Walimwengu wanasafiri kuja kuziona. Sisi wenye babu waliokunywa humo tunazipita kwa kilomita 120 kwa saa. Chukueni maji ya kutosha, na mkiona mawingu milimani msiteremke bondeni, hata kama kwenu jua linawaka.

Na muhimu kuliko yote, mchukueni mzee mmoja, khasa mwanamke, kwa kuwa wanaume wetu tumeshawaandika. Mkalisheni mbele. Msimuulize nasaba, muulizeni wapi palinyweshwa wanyama, nani aliugua, nani aliachwa. Akisema simameni, simameni hapo hapo.

Jina la bibi nimeliandika kwa mkono wangu katika nakala yangu ya mti wa nasaba, na jina la mama yake pia, na mtoto wa nane ambaye shangazi amenipa jina lake. Hapa mbele ya watu sitayataja, kwa heshima yao. Anayetaka kuyaona aje nyumbani. Atakayechapisha karatasi mpya bila ya majina hayo, asiandike langu.

Shangazi hajambo, ila miguu imepungua nguvu. Ameniuliza mara mbili lini baridi itaingia, kwa kuwa anataka kurudi pale makaburini na tende. Gari haiuzwi. Ufunguo uko kwenye msumari nyuma ya mlango wa baraza, na klachi inataka mguu wa kijana. Nani kati yenu atakuja kuendesha?

Wabillahi tawfiq.